Kukata umeme si kusimamisha mashine: softi-stata, breki ya mota na sensa ya mwendo

Simama kando ya msumeno mkanda wa kupasulia magogo, dakika moja baada ya mwendeshaji kubonyeza kitufe chekundu. Mota imenyamaza, mlio wa kukata umekwisha, watu wameanza kuongea kwa sauti ya kawaida. Itazame bledi. Unaona utepe wa chuma unaong'aa, umetulia tuli, na meno huyaoni. Kama ingekuwa imesimama kweli, ungeweza kuyahesabu moja moja. Huyaoni kwa sababu bado yanapita mbele ya macho yako kwa zaidi ya mita thelathini kila sekunde.

Mimi ni fundi umeme wa viwandani, na mashine za mbao ndizo zinazonilisha, huku Mufindi ambako misindano ya Sao Hill inaingia viwandani ikiwa magogo na kutoka ikiwa mbao. Kila ninapong'oa sta-delta ya zamani, ile ya kuwashia mota kwa hatua mbili, na kufunga softi-stata, kifaa kinachoiwasha mota taratibu, swali ni lile lile: "Fundi, humu ndani breki imo, imeandikwa kwenye kitabu chake. Sensa ya nini tena?" Ni swali la haki, maana sensa na kazi ya kuifunga ni pesa. Jibu lake linadai tuelewe kwanza ni nini hasa kinachosimamishwa.

Chukua msumeno mkanda wenye magurudumu mawili ya chuma, la juu na la chini, kipenyo mita 1.1, kila moja kilo 300 na uzito mwingi ukiwa ukingoni. Mota ni ya kilowati 37, poli nne, inazunguka mara 1,470 hivi kwa dakika kwenye umeme wa hezi 50. Mikanda inashusha mwendo huo hadi mizunguko 660 kwa dakika kwenye magurudumu, na bledi inakimbia mita 38 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, magurudumu hayo yamebeba takriban kilojouli 286 za nishati ya mwendo. Gari la tani moja na nusu likiwa kwenye kilomita 70 kwa saa lina nishati kama hiyo. Sasa fikiria umezima injini ya gari hilo kwenye barabara tambarare, gia ikiwa huru, bila kugusa breki. Ndivyo tunavyofanya tunapokata umeme wa mota na kusema mashine imezimwa. Kama beringi, mikanda na upepo vinakula kilowati moja tu katika mwendo kamili, magurudumu yatachukua dakika tisa na nusu kusimama.

Dakika tisa ni nyingi kwa mtu anayesubiri kubadilisha bledi butu. Hapo ndipo mlango wa kinga unafunguliwa mapema.

Softi-stata inaweza nini, na haiwezi nini

Ndani ya softi-stata kuna thairista, jozi moja kwa kila fezi, zimefungwa kichwa kwa mkia. Thairista ni mlango unaofunguka ukipewa ishara na kujifunga wenyewe mkondo unapofika sifuri. Ukichelewesha ishara katika kila nusu ya wimbi, sehemu tu ya wimbi ndiyo inayopita, na mota inapata volti pungufu. Nguvu ya kuzungusha hufuata volti ikizidishwa kwa yenyewe: nusu ya volti inakupa robo ya nguvu. Ndiyo maana mota ambayo ingevuta mara sita hadi nane ya mkondo wake wa kawaida ikiwashwa moja kwa moja, kwa softi-stata inaweza kuzuiwa kwenye mara tatu au nne.

Lakini thairista zinapunguza volti tu, hazibadili hezi. Sumaku inayozunguka ndani ya mota ya poli nne ina kasi moja, 1,500 kwa dakika, iwe na nguvu kubwa au ndogo. Inveta, kifaa kinachobadili hezi zenyewe, inaweza kuishusha kasi hiyo taratibu hadi sifuri na kuikokota rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, nyuma yake, ikitoa nishati kwenye kizuizi (rezista) cha nje kilichofungwa ukutani. Softi-stata haina uwezo huo.

Na hapa kuna mkanganyiko ambao umegharimu watu. Mpangilio unaoitwa kusimama laini, uliomo karibu kwenye kila softi-stata, si breki. Ni kinyume chake: unarefusha muda wa kusimama kwa kupunguza volti polepole. Ulitengenezwa kwa ajili ya pampu, ili maji yaliyo kwenye bomba refu yasirudi kwa kishindo na kupasua valvu. Kwenye msumeno hauna kazi. Nimeshakuta mahali umewashwa kwa sekunde 20 na mwenye kiwanda anaamini kwa moyo wake wote kwamba ana breki.

Breki yenyewe, kwa softi-stata zilizo nayo, huja kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya DC. Mota ikishatolewa kwenye umeme, thairista zinafunguliwa upande mmoja tu wa wimbi, hivyo mkondo kwenye koili unakwenda njia moja bila kurudi. Sumaku iliyokuwa inazunguka sasa imesimama. Rota ya mota ya kawaida haina akili nyingine zaidi ya kuifukuza sumaku. Ikikimbia, rota inakimbia, na ikisimama, rota inajivuta kuelekea kusimama. Vyuma vyake vinapokata uwanja huo wa sumaku, mkondo unazaliwa ndani yake, na mkondo huo unapingana na mwendo uliouzaa. Baadhi ya softi-stata huhitaji kontakta (swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku) moja ya ziada kwa kazi hii, nyingine hazihitaji. Soma mchoro wa mtengenezaji kabla ya kununua paneli.

Breki ya DC ina tabia ambayo lazima uijue. Mwanzoni, rota ikiwa bado na kasi kubwa, ni dhaifu. Kadiri mwendo unavyoshuka inapata nguvu, inafika kilele karibu na mwisho, kisha mwendo ukifika sifuri nguvu nayo inakuwa sifuri. Haiwezi kushikilia mzigo. Winchi, lifti au chochote kinachoning'iniza uzito kinahitaji breki ya kubana kwa springi, na hilo halina mjadala.

Njia ya pili ni kugeuza fezi mbili. Sumaku inaanza kuzunguka kinyume wakati rota bado inakwenda mbele, na rota inavutwa kwa nguvu tangu mwanzo. Zamani jambo hili lilifanywa kwa kontakta peke yake, volti kamili, na mshituko wake ulikuwa unakata mikanda. Softi-stata inaleta ustaarabu: thairista zinafunga kwanza, kontakta zinabadilishana bila mkondo kupita ndani yake kwa hiyo hakuna cheche, halafu volti inapandishwa kwa kiasi unachotaka. Kontakta hizo mbili lazima zizuiane kwa umeme na kwa chuma pia, kwa sababu zikifunga pamoja fezi zinakutana uso kwa uso.

Usisahau kusubiri. Mota iliyotoka kwenye umeme inabaki na usumaku wake kwa muda, na ukiipelekea DC au fezi zilizogeuzwa kabla usumaku huo haujafa, mkondo unaruka juu na shafti inapigwa kofi. Softi-stata nyingi zina muda huo wa kusubiri ndani ya mpangilio. Usiupunguze ili kuokoa sekunde moja.

Sasa joto, ambalo ndilo linaloua mota. Kwa breki ya DC, zile kilojouli 286 zote zinaishia kwenye rota, ukiondoa kidogo kinacholiwa na msuguano. Kwa breki ya kinyume zinakuwa mara tatu, kilojouli 858, kwa sababu juu ya nishati ya magurudumu gridi yenyewe inaongeza mara mbili yake. Kuwasha nako kuliacha kilojouli 286 kwenye rota hiyo hiyo. Kwa rota ya kilo 80, kuwasha mara moja na kusimamisha kwa kinyume mara moja ni takriban nyuzi 30 za joto kwa wastani, na vyuma vya rota vinaupata moto huo kabla ya sehemu nyingine. Feni ya mota iko kwenye shafti, kwa hiyo upepo wake unapungua pamoja na mwendo. Tena ovalodi inapima mkondo unaoingia kwenye koili. Rota haina kipimajoto. Weka thamista, sensa ndogo ya joto, kwenye koili, na uhesabu ni mara ngapi kwa saa mashine inasimama. Ikiwa ni mara nyingi, achana na softi-stata, nunua inveta na kizuizi chake.

Timer inajua saa, haijui gurudumu

Turudi kwenye swali la mwenye kiwanda. Breki imo ndani, unaweka sekunde 20, imekwisha. Kwa nini isitoshe?

Kwa sababu sekunde 20 ulizipima siku moja, mashine ikiwa na hali fulani. Siku ile volti ilikuwa 400. Mchana mwingine mashine zote za jirani zikiwa kazini inashuka hadi 360, na nguvu ya breki ya kinyume inabaki asilimia 81. Mikanda imelegea. Beringi zimebadilishwa na sasa magurudumu yanateleza vizuri kuliko zamani. Muda ukiwa mfupi kuliko mahitaji, breki inaachia gurudumu likiwa bado linazunguka, na kama kitasa cha mlango kinaitegemea timer hiyo, kinafunguka. Muda ukiwa mrefu na breki ni ya DC, koili zinachemka bure kwenye mota iliyosimama na feni iliyokufa. Breki ikiwa ya kinyume, ni mbaya zaidi: baada ya kufika sifuri mota inaanza kuwaka kurudi nyuma, na bledi ikizungushwa kinyume inaweza kutoka kwenye magurudumu.

Baadhi ya softi-stata hukisia kusimama kwa kusikiliza kiasi kidogo cha volti ambacho rota inayozunguka hukirudisha kwenye koili. Nakubali zitumie makisio hayo kukata DC. Kufungua mlango kwa makisio, hapana.

Kinachohitajika ni jicho kwenye gurudumu. Mara nyingi inatosha sensa ya kukaribia chuma, ile ya ukubwa wa M18, inayowaka taa ndogo kila chuma kinapopita mbele yake. Haigusi kitu, wala haijali vumbi la mbao, tofauti na sensa ya mwanga ambayo kwenye kiwanda cha mbao itapofuka. Masafa yake ni milimita chache, 5 au 8 kwa ukubwa huo, na ifungwe ndani ya asilimia 80 ya masafa yake. Ishike kwa bamba nene. Bamba jembamba linatikisika na sensa inaanza kuona vitu ambavyo havipo. Shabaha iwe ya chuma cha kawaida, kwa sababu mbele ya alumini au shaba masafa yanapungua sana.

Shabaha ngapi? Mafundi wengi hufunga boli moja na kuridhika. Kwa mizunguko 660 boli moja inatoa mapigo 11 kwa sekunde, hakuna tatizo. Tatizo ni mwishoni. Gurudumu likiwa limebaki na mizunguko 6 tu kwa dakika, boli hilo litaonekana mara moja kila sekunde 10, na ukingo wa gurudumu bado unatembea sentimita 35 kila sekunde. Meno ya msumeno yanakata vizuri tu kwa mwendo huo. Kifaa kilichoambiwa "usipoona pigo kwa sekunde 3, hesabu imesimama" kitafungua mlango. Funga shabaha nane zilizopishana sawa na pigo litakuja kila sekunde 1.25 kwa mwendo ule ule, na zile sekunde 3 za ukimya zinaanza kuwa na maana.

Kwa sensa hiyo mfuatano unakuwa hivi. Kitufe kinabonyezwa, thairista zinafunga, kontakta ya mbele inaachia, mota inasubiri usumaku ufe. Kama DC peke yake inatosha, inaingia hapo na kuendelea hadi sensa inyamaze. Kama haitoshi, kontakta ya kinyume inaingia kwa volti pungufu, na mwendo ukishuka hadi asilimia 15 hivi inakatwa, kisha DC inamalizia kazi mahali ambapo ina nguvu zaidi. Breki ya kinyume haipewi nafasi ya kufika sifuri. Hili ni muhimu kwa sababu sensa moja haijui upande. Gurudumu likipita sifuri na kuanza kurudi nyuma, mapigo yanaonekana yale yale. Ukitaka kujua upande, weka sensa mbili zilizopishana robo ya hatua, au enkoda, kifaa cha shafti kinachosoma mwendo na upande wake.

Kwa msumeno mkanda mimi huanza na DC peke yake, na sababu iko juu ya mashine. Gurudumu la juu halina mota. Linaburutwa na bledi, na wakati wa kusimama linazuiwa na bledi hiyo hiyo. Nusu ya nishati yote lazima ipite kwenye utepe wa chuma uliokaa juu ya ukingo laini. Kusimama kwa sekunde 20 kunaidai bledi ihimili nguvu ya kilo 38 hivi. Kusimama kwa sekunde 5 kunadai kilo 150. Bledi ikiteleza inachubua ukingo, au inatoka. Msumeno duara una inesha ndogo, yaani ukaidi mdogo wa kubadili mwendo, na unavumilia breki kali zaidi. Kwenye viwango vya Ulaya vya mashine za mbao, sekunde 10 ni namba inayojirudia sana. Usiichukue namba hiyo ukaibandika kwenye msumeno mkanda mkubwa bila kuangalia bledi inasema nini.

Sensa inapokaa kimya

Kuna jambo ambalo ningetaka kila anayefunga mfumo huu alale nalo usiku. Ukimya wa sensa una maana mbili: gurudumu limesimama, au waya umekatika. Panya akiula waya saa nne asubuhi, msumeno ukiwa kwenye mwendo kamili, kifaa kinasikia kimya na kinafurahi kufungua mlango.

Dawa yake inajulikana. Kwanza, mota ikiamriwa kuwaka na mapigo yasipoonekana ndani ya sekunde chache, isimame na iandike hitilafu. Pili, tumia sensa mbili, zipangwe ili wakati wowote angalau moja iwe inaona chuma. Zikizimika zote kwa pamoja, huo si usimamaji, ni waya. Rilei za usalama za kusimamia kusimama kwa mashine zimetengenezwa hivyo, na kwa mlango wa kinga ndizo za kutumia, si ingizo la kawaida la PLC, kompyuta ndogo ya kuongozea mashine.

Mahali pa kuifunga napo panakosewa. Nilikuta sensa imefungwa vizuri sana, kwenye shafti ya mota. Mota ndiyo inayopigwa breki, kwa hiyo ilionekana busara. Mikanda ikakatika wakati wa kazi, kitufe kikabonyezwa, mota ikasimama mara moja, sensa ikatangaza kimya, na kitasa kikalia tik. Magurudumu yalikuwa hayana habari. Mwendeshaji aliona mikanda ikining'inia, akaelewa, akarudi nyuma. Ni macho yake yaliyomwokoa, si kazi ya fundi. Sensa inayofungua mlango inakaa kwenye kitu kinachokata. Ile ya mota ni kwa ajili ya kuongoza breki, na zote mbili zikiwepo unaweza kuzilinganisha na kujua mikanda inateleza kabla haijakatika.

Kisha kitufe cha dharura. Desturi ni kukifanya kikate kontakta kuu papo hapo. Kwenye mashine ya breki ya umeme, maana yake ni kwamba kitufe cha dharura kinaua breki: mtu akikibonyeza kwa hofu, msumeno unazunguka dakika tisa, wakati kitufe cha kawaida kingeusimamisha kwa sekunde 20. Kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine, IEC 60204-1, kinaruhusu dharura ya aina ya 1, ambapo mashine inapigwa breki kwanza, halafu umeme unakatwa na saketi ya usalama, breki iwe imefanikiwa au haikufanikiwa.

Na umeme wenyewe ukikatika, breki hii haipo. DC na fezi zilizogeuzwa vyote vinatoka kwenye gridi. Kwa hiyo kitasa cha mlango kiwe cha kujifunga kwa springi na kufunguliwa kwa umeme, ili giza likiingia kibaki kimefunga. Watu watalalamika kwamba wanasubiri. Mahali ambapo kusubiri hakuwezekani, ongeza breki ya springi kwenye shafti.

Siku ya kukabidhi mashine, mimi hufanya majaribio mbele ya wale watakaoiendesha. Tunachora mstari wa chaki kwenye gurudumu na kulipima kwa saa, mara ya kwanza asubuhi mota ikiwa baridi, mara ya mwisho jioni ikiwa moto. Tunabonyeza dharura. Tunazima swichi kuu bledi ikiwa kwenye mwendo kamili, tunausukuma mlango na kusubiri dakika zote tisa. Mwisho nachomoa waya wa sensa magurudumu yakizunguka, nasimama pembeni, na mwendeshaji mwenyewe anavuta mpini wa mlango. Usipofunguka, anatia saini.